Kle ya Mama Marcelline

Murara, mtaa wa Goma, kuna vijana wengi wanaoandika programu za kompyuta, na karibu sote tumelelewa na mama mmoja ambaye yeye mwenyewe hawezi kuandika mistari ishirini ya programu bila kuita mtu. Ukimwuliza kazi yake, atakuambia ni taipu. Alianza na taipureta ya chuma aliyotoka nayo Butembo, akiandika barua za kuomba kazi, hati za viwanja, na hata barua za mapenzi, ambazo alizisahihisha bila kuombwa. Leo duka lake la taipu, yaani sekretaria, lina kompyuta tatu, mashine ya fotokopi inayokohoa, na paneli ya jua juu ya bati. Jina lake ni Marcelline. Sisi tunamwita Mama Kle.

Kle ni ile flashi ndogo ya USB. Yake ni nyekundu, imefungwa kwenye kamba ya kiatu, naye huivaa shingoni pamoja na rozari. Humo ndani mna utajiri wetu wote. Maana mwandishi wa programu ana chombo anachoandikia, na kwenye chombo hicho hubandika viprogramu vidogo vinavyoitwa viendelezi: kimoja kinapaka rangi maneno ili macho yasichoke, kingine kinakuonyesha ulipokosea, na kingine hakina kazi yoyote ila kupendeza. Kwa wenzetu wa mbali mtu anabofya, kinashuka, maisha yanaendelea. Goma mega za mtandao ni ghali, na zina tabia ya kuisha kitu kikiwa kimeshuka nusu.

Kwa hiyo kila Jumapili, misa ya kwanza ikiisha, Mama Marcelline alikwenda kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa yenye mtandao wa nguvu, akaagiza Fanta moja, akainywa kwa saa tatu. Muda huo alikuwa anashusha kila tulichomwomba wiki nzima. Jumatatu tulipanga mstari Murara, kila mtu na kompyuta yake kwapani. Ni yeye pia aliyetufundisha kuzima masasisho, yaani kuizuia kompyuta isijirekebishe yenyewe kupitia mtandao, kwa sababu ukiiacha huru itakunywa mega zako zote kabla wewe hujanywa chai.

Hakutoa kitu hivi hivi. Aliuliza kimetengenezwa na nani, kinatumiwa na watu wangapi, kina umri gani. Kisha alikilaza juma zima kwenye kompyuta yake ya pembeni aone kama kitaleta fujo. Siku moja, kwa hasira, nilimwambia kwamba hata Papa wa Roma angelazwa juma moja kwenye ile kompyuta. Akanijibu, "Papa tunamujua. Huyu wako njo simujue."

Na kulikuwa na kaye. Kila kitu kilichotoka kwenye kle kiliandikwa kwenye daftari lile kwa mwandiko wa kikatibu: tarehe, jina la kitu, nani amekichukua, nani alikileta. Tulimcheka sana. Mtu anakupa kitu cha bure halafu anakudai sahihi!

Mimi naitwa Jean-de-Dieu, Jado kwa walionizoea, na ni mtu wa hasira za haraka. Nasema mwenyewe kabla sijasemewa. Alhamisi moja asubuhi nilipata barua kutoka kule ninakohifadhi kazi zangu kwenye mtandao. Waliniambia kwamba mtu ameingia kwa neno langu la siri, akiwa kwenye mji ambao hata jina lake siwezi kulitamka. Nilichemka. Nikachimba saa mbili nzima mpaka nikampata mwizi: kile kiendelezi cha rangi tulichokipenda wote.

Kumbe viko viwili. Jina moja, picha moja, maelezo yale yale, tofauti ni jina dogo la mtengenezaji lililoandikwa chini. Cha kweli kina miaka. Cha pili kilikuwa kimezaliwa mwezi ule, kilipaka rangi vizuri kabisa, na huku kinapaka kilipekua kompyuta kutafuta maneno ya siri. Kila ulipofungua mtandao, kilimpelekea bwana wake maneno kiliyoyaokota. Duka la viendelezi lilikuwa limekwisha kukitupa nje siku mbili zilizopita, na kukifuta kwenye kompyuta za dunia nzima, yaani zile ambazo masasisho yake hayakuzimwa. Zetu zilikuwa zimezimwa, ili kuokoa mega.

Nilifika sekretaria bila hata kusalimia. "Mama, umetuua!"

Alikuwa anataipu tangazo la msiba la mteja. Alimaliza mstari, akawatazama wateja waliokuwa wanangoja, akavua miwani. "Jado, punguza sauti, kuko bakliya. Nimeua nani?"

Nikamweleza. Hakubisha. Alivuta kaye, akashuka na kidole ukurasa mzima mpaka akafika kwenye kitu cha rangi. Watu kumi na mmoja walikuwa wamekichukua, bila kunihesabu mimi. Halafu kidole kikaenda kwenye safu ya mwisho, ya aliyekileta, na pale paliandikwa kwa mwandiko wake mzuri: Jado.

Jumapili iliyotangulia Mama alikuwa kwenye matanga ya wifi yake, akaivua kle shingoni mwake na kunituma hotelini. Nilikaa, nikaagiza Fanta, nikajiona bosi, nikabofya cha kwanza kilichotokea. Jumatatu aliniuliza, "Jado, hii uliangalia mwenye aliitengeneza?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena, "Uliangalia muzuri?" Nikamjibu kwa kiburi, "Mama, mi niko mutoto?" Basi, kwa kuwa ni mimi, wa kwanza kabisa kulelewa pale, na kwa kuwa wenzangu walikuwa wamekwisha kunyoosha mikono, alikitoa bila kukilaza. Ilikuwa mara moja tu katika miaka yote ile.

Nilijifanya nasoma bei za fotokopi ukutani. Mteja mwingine aliingia. Mama Marcelline alifunga kaye, akaweka kiganja juu yake.

"Imetoka kwangu," alisema. "Tupigie batu simu."

Hakutaka kutuma ujumbe wa WhatsApp. Ili mtu ausome ni lazima afungue mtandao wa simu, ule ule unaolisha kompyuta zetu, na huko kufungua ndiko mwizi alikokuwa anakungoja. Alipiga simu moja baada ya nyingine, maneno yale yale: "Usifungue rezo. Ile kitu ya rangi ni mwizi. Imetoka kwangu. Leta masini, tuitoshe." Wanane walipokea. Watatu simu zao zilikuwa zimezimwa. Akataipu karatasi kwa herufi kubwa, akaibandika mlangoni: aliyechukua kitu cha rangi asifungue mtandao, kosa ni langu, Marcelline. Fotokopi na funguo akamwachia jirani yake fundi cherehani, pamoja na maagizo marefu.

Mwenye kle hana kingine cha kuuza wala cha kujivunia ila kuaminiwa. Siku watu watakapoogopa kuchomeka kitu chake, atarudi kuwa mama wa fotokopi. Yeye alilijua hilo, nami nililijua, na bado nilisimama pale nikitazama karatasi ile kana kwamba imeandikwa Kichina.

"Utakuja na mimi," aliniambia. Nilidhani ananichukua kwa sababu najua kukiondoa kile kitu.

Tulipanda pikipiki mbili kuwafuata wale watatu. Wa kwanza alikuwa Umuhoza, Katindo, ambaye hufundisha wasichana kuandika programu na huzima simu akiwa darasani. Ni mtu mpole sana. Alimsikiliza Mama mpaka mwisho, akasema, "Haina neno, Mama, aksanti ya kuja." Nikaitoa takataka ile kwenye kompyuta yake na za wanafunzi wake sita. Mama alipoishika kle amwachie kingine kilichokwisha kulazwa, Umuhoza alitabasamu, akausogeza mkono wa Mama taratibu. "Ya leo acha tu, Mama." Upole ule uliuma kuliko matusi.

Nje, motari wetu walipokuwa wanawasha pikipiki, nilimgeukia. "Mama, mi..."

Akatulia, akanitazama usoni. Alikuwa na muda wote wa dunia.

"...mi naona tupitie njia ya huko chini, hakuna vumbi mingi," nikasema.

"Haya," alisema, akapanda.

Wa pili alikuwa Kataliko, Kituku, kando ya ziwa. Yeye ana programu nzuri sana: inawaonyesha wauza samaki kwenye simu zao mitumbwi ipi imefika na imeleta beseni ngapi za sambaza, dagaa wetu wa ziwani. Simu yake alikuwa ameizima kwa sababu akina mama wauza samaki walikuwa wanampigia tangu asubuhi. Tulimkuta amezungukwa. Mwizi alikuwa amekwisha kuingia kwenye programu yake, na mahali pa sambaza sasa palikuwa na kijana mwenye kifua wazi anayetangaza kamari kwa lugha isiyojulikana. Mama mmoja alikuwa ameinua simu juu, anauliza, "Kataliko, huyu njo samaki gani?"

Mimi nilicheka. Kataliko hakucheka, na aliposikia kilikotoka kijana yule alipiga kelele mpaka wanaoshusha mizigo wakageuka. "Mama Marcelline, minakuheshimuka, lakini umeniuza! Mbele ya bamama bote! Batasema mi njo mwizi!"

"Uko na haki, papa," Mama alijibu. "Imetoka kwangu. Bamama, musimukasirikie, yeye hana kosa."

Wale akina mama wakamgeukia yeye. Mmoja alisema wazi kwamba mtu mzima asiyejua mambo ya kompyuta aache kugawia watoto wa watu vitu asivyovijua. Mama Marcelline, ambaye najua ulimi wake ulivyo mkali, alisimama akapokea yote, mwavuli mkononi. Mimi nilikuwa nimeinamia kompyuta ya Kataliko, nabadilisha maneno ya siri, nimejitia kazi nyingi. Nilibadilisha hata ambayo hayakuhitaji kubadilishwa. Naona aibu kuandika haya, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Wa mwisho alikuwa Niyitegeka, Mugunga, mwisho wa mji, kwenye barabara ya kwenda mji wa Sake. Kwake umeme ulikuwa umekatika siku nne, simu na kompyuta vyote vimelala. Niyitegeka anatunza orodha ya chama kidogo kinachosaidia waliokimbia vita: majina ya familia, wanalala wapi, nani anamtafuta nani. Humo kuna watu ambao hawataki kila mtu ajue wanalala wapi. Tulikwenda naye kwa kinyozi mwenye jenereta, tukachomeka. Kiendelezi kilikuwamo, lakini siku ile alipokichukua ndiyo siku umeme ulipokatika, kwa hiyo hakikuwahi kuona mtandao. Nikakitoa. Tukafungua orodha kwa simu ya Mama, tukaangalia nani ameingia mwezi mzima: Niyitegeka peke yake. Akabadilisha neno la siri mbele yetu.

Baada ya hapo alifunga kompyuta yake. Si mtu wa maneno mengi, na anapoyasema huwa ameyapima.

"Mama, umekuja wewe mwenyewe, aksanti. Lakini hii masini iko na batu ndani. Kitu ya kle yako sitatia tena. Unisamehe."

Mama Marcelline aliitikia kwa kichwa. Mkono wake ulikwenda shingoni, ukashika ile kamba ya kiatu, akaanza kuivua juu ya kilemba. Alipoitoa alibaki ameishika tu, hajui aiweke wapi. Katika miaka yangu yote pale sijawahi kumwona mama yule akikosa pa kuweka kitu.

"Si yeye!" nikasema, kwa sauti kubwa mpaka kinyozi akazima mashine yake. "Ni mimi. Mimi njo niliishusha. Aliniuliza kama niliangalia, nikasema ndiyo, na sikuangalia. Aliniuliza mara mbili. Iko mu kaye, jina yangu iko mu kaye. Umuhoza na Kataliko nitarudi kuwaambia leo hii."

Niyitegeka alinitazama kwa muda ambao sikuupenda. Kisha akamtazama Mama. "Mama, na wewe ulijua?"

Mama Marcelline alirudisha kamba shingoni, akaitengeneza ikae sawa na rozari, akavuta kiti cha wateja cha yule kinyozi na kuketi kwa mara ya kwanza siku ile. Miguu ilikuwa inamwuma, alivua viatu.

"Nilikuwa nakungoja tangu Murara," aliniambia. "Kwa Umuhoza nikasema, sasa atasema. Kwa Kataliko, mbele ya bamama bote, nikasema, hapa hawezi kunyamaza. Jado, nilianza kuogopa. Nilisema huyu mutoto atanifikisha mpaka Sake."