Dawa Iliyochoka

Chupa ilidondoka sakafuni tulipokuwa tunakunja matandiko ya dada yangu, siku chache baada ya kumzika, na chumba chote kikanuka insulini. Ambaye hajaishi na mgonjwa wa sukari huenda haijui harufu hiyo. Inafanana na dawa ya kuoshea vidonda: kali, safi, inayong'ang'ania puani. Wanawe walikimbilia kufungua dirisha. Niliwaomba wasubiri kidogo, nikakaa kitandani kwake nikaivuta. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya nyumba tuliyokulia kule Daa, na ya dada yangu Paskalina akiwa msichana.

Ugonjwa ulimpata akiwa darasa la sita, mimi nikiwa sijaanza shule. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na kijijini hakuna aliyewahi kusikia kwamba mtoto anaweza kuugua sukari. Wengine walituuliza kwa utani tuliipata wapi hiyo sukari, maana madukani Karatu ilikuwa haipo.

Hospitalini walimfundisha kujichoma sindano mwenyewe. Kila asubuhi Mama alichemsha bomba la kioo kwenye sufuria ndogo ambayo haikupikiwa kitu kingine chochote, kisha Paskalina akajichoma pajani huku ameelekeza uso kwenye msitu wa Ngorongoro, ametulia kama mtu anayefunga kamba za viatu. Chupa za dawa zilikaa ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga wenye maji, kwenye kona yenye baridi kuliko zote. Jokofu tulikuwa hatujawahi kuliona.

Mimi nilipenda kazi ya kupima mkojo. Alipewa dawa ya bluu, anaimimina kwenye kichupa chembamba, anatia matone machache ya mkojo, halafu anaichemsha juu ya taa ndogo ya spiriti. Ikibaki bluu, sukari hakuna. Ikiwa kijani kama majani ya maharage, si vibaya. Ikipanda kwenda njano, kisha chungwa, mpaka ikawa nyekundu kama udongo wa shambani kwetu, hapo sukari imejaa. Aliyetangaza rangi ni mimi, na nilitangaza kwa nguvu kiasi kwamba majirani walijua habari za mkojo wa dada yangu kabla hawajakoroga uji.

Mwaka mmoja, karibu na Krismasi, Paskalina alilazwa kwa homa kali. Alipotoka alipewa chupa mpya kadhaa. Kwenye chungu nyumbani ilikuwa imebaki nusu ya ile aliyokuwa akiitumia kabla hajalazwa. Mama akaiweka pembeni kama anavyoweka mbegu, wakaanza na mpya. Miezi iliyofuata jua liliwaka mpaka mchanga wa chungu ukakauka, kwa sababu maji machache tuliyochota yalikuwa ya ng'ombe kwanza. Halafu masika yakaingia kwa fujo. Korongo la njiani likafurika, lori lililokuwa likija kijijini likaacha kuja, na hospitali ikawa ng'ambo isiyofikika. Ndani ya chungu tulikuwa na chupa moja ambayo haijafunguliwa, pamoja na ile nusu.

Mama akaamua tumalize nusu kwanza. Alikuwa mtu wa maziwa. Kila kibuyu alikijua kwa kunusa, na hakuwahi kumpa mgeni maziwa yaliyoharibika. Akaisogeza ile chupa puani, akavuta. Ilinuka vilevile, kali. Akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni: dawa ilikuwa angavu, haina hata chembe.

"Nzima kabisa," akasema. Mtu yeyote kwetu angesema hivyo.

Rangi zikaanza kupanda. Njano. Kesho yake chungwa. Halafu nyekundu, na nyekundu tena. Niliacha kutangaza. Paskalina alikunywa maji mpaka mtungi ukawa haujai, akawa anatoka nje kila wakati, mashavu yakaingia ndani, na koti la shule likawa linaning'inia mwilini mwake.

Shangazi Marselina, dada mkubwa wa Baba, alikuwa amekuja kutusalimia kabla mvua haijakolea, akakwama kwetu. Alikuwa mcheshi, na sauti yake ingeweza kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya korongo.

"Huyu anakunywa kama ndama aliyeachishwa," alisema. "Sindano anachoma, sukari inapanda. Nyie hamuoni? Kuna kitu anakula."

"Sili kitu, Shangazi."

"Na asali ya kaka pale juu?"

Kibuyu cha asali kilining'inia kwenye boriti, kwa ajili ya wazee na wageni. Baada ya maneno hayo Mama akaanza kumpunguzia Paskalina chakula, akimpakulia huku hamtazami usoni. Dada yangu alikula kile kidogo, akanawa.

Jioni moja Baba alirudi kutoka zizini, akakaa kwenye kigoda chake. Paskalina akaenda kusimama mbele yake.

"Baba, fungua chupa mpya. Hii haifanyi kazi."

"Kwa nini haifanyi kazi?"

"Sijui. Lakini haifanyi."

Shangazi akacheka. "Mkifungua hiyo, naye akaendelea kulamba, na mvua ndiyo hii, mtamchoma nini? Maji ya korongo?"

Alikuwa amesema kweli. Chupa ile ilikuwa ya mwisho. Nyuma yake hakukuwa na kitu.

Baba akauliza taratibu, "Paskalina, umelamba asali?"

"Sijalamba, Baba."

"Shusha kibuyu, kaka," akasema Shangazi. "Tuangalie. Kibuyu hakimpendelei mtu."

Mimi nilitamani sana akishushe. Nilitaka watu wote waone kimejaa, Shangazi aaibike. Lakini Baba hakuinua hata macho kukitazama.

"Nimemuuliza, amenijibu. Nikikishusha sasa, nitakuwa nimemwita mwanangu mwongo."

"Kwa hiyo mwongo ni mimi?"

"Wewe ni dada yangu, na ugali uko tayari."

Kisha akamwambia Mama alete chungu.

Siku ya kwanza ya chupa mpya rangi ilibaki nyekundu, na Shangazi akaguna. Ya pili ikawa chungwa. Ikaja njano. Halafu asubuhi moja Paskalina alichemsha kichupa, akakiinua mlangoni, nami nikapiga kelele "Majani ya maharage!" mpaka kuku wakatawanyika. Mama aliketi karibu na mafiga, akafunika uso kwa upande wa khanga. Shangazi alikitazama kile kichupa. Akachukua ndoo, akaenda kumchotea Paskalina maji, yeye ambaye nyumbani kwa mdogo wake hajawahi kushika hata kata ya maji.

Korongo lilipopungua, Baba na Paskalina walikwenda hospitali, wakabeba na mabaki ya ile nusu. Muuguzi aliuliza ilitobolewa lini. Kabla ya Krismasi, Baba akasema. Muuguzi akawaeleza kwamba insulini ikishatobolewa huanza kupoteza nguvu kidogo kidogo, hata ukiitunza, na joto huiharakisha. Ile harufu ni ya kitu kinachotiwa ili vijidudu visiingie. Yenyewe hubaki, hata dawa ikiisha nguvu.

Baba alitufikishia maelezo hayo kwa namna yake: "Ilikuwa imechoka. Kama maksai mzee. Pembe zote anazo, anasimama vizuri, lakini jembe havuti."

Mama aliyamwaga mabaki nyuma ya zizi. Tangu hapo, chupa ikifunguliwa aliifunga uzi mweusi shingoni akatazama mwezi ulivyo. Mwezi ukirudi vile, chupa inamwagwa, hata kama imebaki. Ilimuuma, maana alikuwa mwanamke asiyetupa hata ganda la mahindi, lakini sikumwona akisita.

Paskalina alimaliza shule, akaolewa Endabash, akazaa, akalea, akafika kuitwa bibi. Kila siku ya maisha hayo alijichoma sindano. Najivunia kuwa mdogo wake, na nimelisema hilo makaburini bila kulia.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Baba alijua dawa ile ni mbovu. Niliwasimulia wanangu hivyo, kwamba babu yao aligundua. Alipokuwa mzee sana, tumekaa wawili tukipukuchua mahindi, nilimuuliza aligunduaje.

"Sikugundua," akasema. "Niliogopa. Sikulala mpaka rangi iliposhuka."

"Sasa kwa nini ulifungua ile ya mwisho?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Si nilikuwa nimeshamuuliza? Kwa nini ningemuuliza, kama sikuwa tayari kumsikia?"