Kambale Haoshwi kwa Hasira

Saa saba na dakika ishirini mchana, siku ya Alhamisi, ndipo wivu uliponiingia, mwanangu. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama, nikijipongeza kwamba pampu ya maji niliyoahidi kuirudisha saa nane nimeimaliza mapema. Niliifunga nyuma ya baiskeli, nikatoka gereji pale mtaa wa Viwanja Sitini, na badala ya kushika njia ya mkato nikazunguka ili nipite mbele ya mgahawa wa mke wangu. Mtu akiwa na furaha hupenda kuonekana.

Leokadia na rafiki yake walikuwa wamekodi kibaraza chenye meza chache, wakiuza saladi: kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, karoti, tango, nyanya, parachichi, limao na chumvi, na yai la kuchemsha kwa anayelitaka. Siku hizi vibaraza vya namna hiyo vipo mtaa kwa mtaa, nanyi vijana mnaipiga picha sahani kabla ya kuigusa. Enzi za ujana wangu kilikuwa kichekesho. Huu ni mji wa wali na samaki. Nani atoe pesa yake anunue majani? Wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa walipita wakiuliza kama wanaweza kuingiza na ndama. Nami nilicheka pamoja nao. Niliwahi kusema mbele ya wageni, nyumbani kwangu mwenyewe, kwamba mke wangu amefungua malisho.

Basi mchana ule nikaona hivi. Kwenye meza ya pembeni aliketi bwana mmoja wa mradi wa mpunga, mwenye pikipiki nyekundu, shati limenyooka kama limepigwa pasi akiwa amelivaa. Leokadia alimletea bakuli. Akalitazama, akarudi ndani, akatoka na kipande kingine cha parachichi mkononi, akakiweka juu. Yule bwana akasema neno, na mke wangu akacheka kile kicheko chake cha kurudisha kichwa nyuma, ambacho mimi nilidhani hakitoki nje ya ua wetu.

Macho hayana pazia, mwanangu. Niliipeleka pampu, wakaniambia inavuta vizuri, na sikusikia.

Tangu siku ile sikuwa na raha. Zamani jioni zetu zilikuwa za samaki. Nilikuwa nikipita sokoni saa ambayo wavuvi wanaleta samaki wa mto, nachagua perege au kitoga ambaye jicho lake bado linang'aa, Leokadia anamwandaa, mimi nawasha mkaa, tunapika chukuchuku yenye ndimu na nyanya tele, tunakula mpaka mifupa. Sasa alikuwa akirudi na harufu ya limao na giligilani mikononi, amechoka, anagusa mkia wa samaki na kusema ameshiba. Ameshibia wapi, na ameshibishwa na nani? Nilikuwa nikimtazama akiosha mikono na kuwaza ni nani aliyekuwa anaitazama mchana.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Ufundi wangu niliupata kwenye vitabu vya kuazima, na vilinifundisha kwamba injini ikigoma unakagua kitu kimoja baada ya kingine, hurukii. Wivu wangu nao niliukagua hivyohivyo. Nilijua saa ambayo ile pikipiki hufika. Nilijua meza anayoipenda. Nilipita pale kwa visingizio, leo natafuta spana, kesho natafuta mtu wa kunirudishia spana. Kitu kimoja tu sikukifanya, nacho ni kuuliza. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Mimi nilikuwa nikikitafuta kwenye nguo ya mtu mwingine.

Jumamosi ya wiki iliyofuata akaja bibi yake Leokadia kutoka kijijini Mkula. Mnajua utani wetu wa bibi na mume wa mjukuu. Nilipomwamkia shikamoo, akaitika marahaba mume wangu, kisha akanizunguka kama anayenunua mbuzi, akasema nimekonda, huyu mke mdogo hanilishi, afadhali nirudi kwake mke mkubwa. Siku nyingine ningemjibu. Siku ile nilitabasamu kwa meno tu, nikachukua baiskeli nikaenda kununua kambale. Nilichagua mkubwa, bado anapumua.

Nia yangu haikuwa chakula. Nilikusudia nimpike mwenyewe, nimwandalie mke wangu mezani mbele ya bibi yake, na akishameza tonge la kwanza nitangaze kwamba Jumatatu haendi tena mgahawani. Nilitaka shahidi wa ukoo wake, asije akasema sikusema.

Nikaketi uani na beseni. Kambale hana magamba, ana ute. Nikammwagia maji, nikamsugua, ute ukazidi. Nikamwaga ndoo nzima. Akaniponyoka, akaanguka mchangani, nikamwokota, nikamrudisha kwenye maji. Kila nilivyoosha ndivyo alivyoteleza, na kila alivyoteleza ndivyo nilivyomwona yule bwana wa shati lililonyooka. Hapo Leokadia akaingia, kikapu mkononi, akaniona nimeloa mpaka magoti.

"Leo mpishi ni wewe?" akauliza, kwa furaha kabisa.

Sikungoja tonge. Kambale mkononi, nikamwambia Jumatatu haendi popote, kibaraza nimekifunga.

Alikitua kikapu taratibu. "Umekifunga wewe? Ulikifungua lini?"

Nikasema mke wangu hatawawekea wanaume parachichi huku mji mzima unatazama. Nikamtaja yule bwana na pikipiki yake. Nikataja kicheko. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa vyote viwili, maana nilipiga hatua kumfuata nikakanyaga ute na kuketi chini bila kutaka.

Hakuna aliyecheka. Bibi, aliyekuwa akipepeta mchele kwenye mkeka, aliuweka ungo kando, akaja, akanipokonya samaki mkononi kama unavyompokonya mtoto kisu.

"Kambale haoshwi kwa hasira, mume wangu," akasema. "Wala kwa maji. Maji yanamwongezea."

Akaenda jikoni, akarudi na majivu ya pumba za mpunga kwenye kifuu. Akampaka kambale majivu yakiwa makavu, kichwa mpaka mkia, akamlaza kwenye ungo mkuukuu, akakaa. Hakumgusa. Nasi tukakaa, maana mkubwa akikaa huwezi kusimama. Alipomrudia, ute ulikuwa umeshikana na majivu. Akaukwangua kwa ubapa wa kisu ukatoka wote kama ngozi ya uji uliopoa.

Kisha, bila kuinua macho, akamuuliza mjukuu wake swali nililolizunguka wiki nzima: "Huyo wa pikipiki, unamwongezea parachichi kwa nini?"

Leokadia alinijibu mimi, si bibi. "Siku niliyofungua, nilikata kabichi mpaka jioni na hakuingia mtu. Watu walisimama njiani wakatucheka. Yeye peke yake aliingia, akaketi, akala akamaliza. Nikasema huyu sitamsahau." Akaokota kikapu chake. "Wewe tangu siku hiyo hujaketi pale hata mara moja. Unapita. Nakuona unavyopita. Nilidhani unaona aibu kuonekana na mwenye malisho."

Mwanangu, nimewahi kupigwa na mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga, na sikuumia hivyo.

Bibi alikata vipande akasema sasa nikawashe mkaa, wanaume wa siku hizi wana moto usio na chungu. Tukapika. Leokadia alikata matango na nyanya aliyokuja nayo, akaweka bakuli katikati ya wali na samaki, na kwa mara ya kwanza nikaona vitu hivyo viwili vinaelewana. Mafuta ya kambale yanataka limao na ubichi. Sikujua, kwa sababu sikuwa nimeonja.

Sikwambii kwamba wivu uliisha pale. Mwenye kukwambia wivu huisha kwa mlo mmoja anakudanganya. Jumatatu nilikwenda kibarazani, nikaketi, na yule bwana akaja akaketi karibu nami. Nilichungulia bakuli lake kabla ya langu. Niliona uchungu Leokadia alipomwita kwa jina. Lakini nilikaa, nikala nikamaliza, na Leokadia alipopita aliniwekea kiganja begani mbele ya wateja wote, akaendelea na kazi. Kesho yake nikaenda tena. Kibaraza hakikufungwa.

Haya ndiyo ninayokuusia. Wivu utakujia, uwe mume au mke, kwa maana anayependa huogopa kunyang'anywa. Ukija, usiumwagie maneno, maana maneno ni maji na ute utazidi. Keti kwanza. Nyamaza mpaka ute ushikane. Kisha uliza swali moja, lile unaloliogopa, umuulize mwenyewe na si jirani. Na uulize mapema. Samaki mkunje angali mbichi, ukingoja akauke atavunjika. Kabla hujauliza nani anamfurahisha mwenzako, jiulize wewe mara ya mwisho uliketi lini kwenye kazi ya mikono yake, ukala, ukashukuru. Nafasi unayoiacha wazi mezani, usimchukie aliyeikalia.

Mungu akupe nyumba ambayo moto wake unawashwa na wawili. Akupe mwenzi wa kukujibu kweli, na masikio ya kuistahimili. Akubariki wewe, na wote watakaokula kwako.