Datsun ya Mahari

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huiacha chai ikapoa. Ilikuwa asubuhi ya ukungu hapa Bihambwe, milimani Masisi, nami nilikuwa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinachungulia, tuliposikia mngurumo ukipanda kutoka upande wa Sake. Watoto walikimbilia barabarani. Ng'ombe wa baba yangu waliinua vichwa. Kisha ikatokea kwenye kona kamionete nyeupe ya Datsun, kigari cha mizigo, imeoshwa mpaka inang'aa, imefungwa utepe mbele. Ndani yake alikuwa Kambale, mfanyabiashara kijana wa Butembo, mchumba wa dada yangu Consolata. Hakuja kututembelea. Alikuja kutoa mahari, na mahari yenyewe ndiyo hiyo Datsun aliyokuwa anaiendesha.

Consolata huyo ndiye aliyemzaa mama yako. Nakwambia haya leo kwa sababu Jumapili, tulipotoka kanisani, ulinieleza kwa furaha kwamba yule kijana wa Goma anayemposa binti yako Neema hana ng'ombe, ila ataleta gari dogo la Kijapani, limetumika lakini bado zuri. Ukaniuliza nasemaje. Nilinyamaza, nawe ukadhani masikio yangu yamezeeka. Masikio yangu yako salama. Jibu ndilo lilikuwa refu.

Kwao Kambale mahari ni mbuzi. Kwetu sisi tunaoishi kwa maziwa, mahari ni ng'ombe, tena ng'ombe wa kuzaa. Na kuna jambo ambalo ninyi vijana mnalisahau kwa sababu hamna tena ng'ombe wa kuwakumbusha. Ng'ombe wa mahari akizaa, baba wa msichana humchagua ndama jike na kumrudishia binti yake. Ndama huyo si wa mume wala si wa kaka zake. Ni wa kwake, ili watoto wake wanywe maziwa, na ili siku akirudi kwao, kwa msiba au kwa machozi, akute zizini kitu kinachoitwa kwa jina lake. Mwanamke mwenye ndama wake harudi nyumbani akiwa mgeni.

Baba yangu aliyajua hayo yote kuliko mimi. Lakini alikuwa amechoka kulipa wenye magari kila juma kumshushia bido, yale madumu ya maziwa, na fromaji, jibini yetu, hadi Sake. Alipoizunguka ile Datsun, akaipiga piga mbavuni, nilimwona amekwisha shindwa. Kipya kinyemi, walisema wahenga. Kambale naye alikuwa na ulimi wa mtu wa duka. Alituambia hilo ni gari la watu wasio na mfuko mkubwa, Wajapani walilitengeneza hivyo toka mwanzo. Eti jina lake lilianzia kwa herufi za wazee watatu waliotoa mtaji, na gari lilipozaliwa likaitwa mtoto wao. Mimi niliyameza yote, kijana wa kilimani asiyejua hata Ujapani iko upande gani.

Aliyepinga alikuwa mmoja tu, Koko wetu, mama mzaa baba. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharagwe, wala hakuinuka.

"Gari haizalake," alisema. "Huyu mutoto mutamurudishia nini? Pine?"

Watu walicheka hilo la tairi, nami nikacheka. Baba alimjibu kwa heshima, "Mama, gari itatumika, na faida yake itanunua ngombe ya Consolata. Iko mambo ya muda tu."

"Basi toa moja mu ngombe zako leo, faida ikuje kukulipa wewe."

Baba alisema haraka ya nini, acha kwanza gari litulie. Koko alirudi kwenye maharagwe yake. Hakulisema tena neno hilo mpaka tulipomzika, na nadhani kunyamaza kwake ndiko kulikompotosha baba, akaona ameshinda.

Consolata akaolewa, akaenda na mumewe Buleusa, kule Walikale, ambako Kambale alifungua duka. Mimi nikawa shofere, dereva wa Datsun. Sitaisema vibaya Datsun ile, mwanangu, maana haikutukosea kitu. Ilikunywa esanse, yaani petroli, kidogo. Ilipanda na kabichi, maharagwe na watu juu yake, barabara ambazo malori makubwa yalizigomea. Tangi lilipotoboka nililiziba kwa kipande cha sabuni nikafika Sake na kurudi. Betri ilipokufa hatukununua nyingine. Kila jioni tuliilaza ikitazama mteremko, asubuhi nikaachia breki, ikajiwasha yenyewe ikiteremka. Wasichana wa Masisi mjini walinifahamu kwa jina la Datsun kabla ya kunifahamu kwa jina la ubatizo, na sikuwasahihisha.

Ila faida haikuonekana. Siyo kwamba haikuwapo. Ilikuja, na kabla haijakaa ilikuwa imekwisha kuitwa jina lingine: matairi, springi, askari wa kizuizi cha barabarani, ada ya shule ya wadogo zangu. Consolata alizaa mtoto wa kwanza, akafa. Akazaa wa pili, akafa. Wa tatu ndiye mama yako, Josefina. Kila uzazi mama yangu alimkumbusha baba habari ya ndama, na kila mara baba alisema, "Ngoja tumalize hili kwanza." Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini matumbo yaliyokuwa yanaumia hayakuwa ya kwake. Wakati huo zizi letu lilikuwa limejaa. Angeweza kunyoosha fimbo akamtenga ndama mmoja tu, na hakuna ambaye angegundua pengo.

Kisha vita vikafika milimani. Sitakusimulia vita hivyo vya zamani, wewe umekulia ndani ya vingine. Siku moja wenye bunduki walilifungua zizi, wakawaswaga ng'ombe wetu wote kwenda kusikojulikana, nasi tukiangalia kutoka kwenye mikaratusi. Datsun hawakuichukua, kwa kuwa barabara ilikuwa imekatika pande zote mbili. Ikabaki uani, tukaipandisha juu ya mawe ili tuokoe matairi, kisha matairi nayo yakaibiwa. Baba aliendelea kuiosha. Kila Jumamosi, kitambaa na maji ya moto. Sikuthubutu kumwuliza anaisafisha kwa ajili ya safari gani.

Ndipo Consolata akarudi.

Kambale alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa ini huko Buleusa, duka likachomwa, na dada yangu alikuwa ametembea kupitia misituni na vilimani akiwa na mama yako mgongoni. Sikumtambua. Nilimwona mwanamke mwembamba amesimama mlangoni, nikamwambia sisi hatuna chakula cha kugawa, aende misheni. Akasema jina langu la utotoni. Mungu anisamehe.

Ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa ameinamia boneti na kitambaa chake. Consolata alimsalimu kwa magoti, kama alivyofundishwa, akapokea maji, akanywa, akamnywesha mtoto. Halafu akauliza, bila hasira yoyote, "Papa, ngombe yangu iko wapi?"

Baba alikikamua kitambaa, akakikunjua, akakikamua tena ingawa maji yalikuwa yamekwisha.

Usifikiri alikuwa anadai. Alikuwa anauliza kwa kweli, maana kule Buleusa hakuna aliyemfikishia habari ya zizi, na njia nzima alikuwa anamwambia mtoto kwamba akifika kwa babu atakunywa maziwa. Mama yangu alianza kulia. Wake za kaka zangu walitazamana. Nao usiwalaumu haraka. Nyumba zilikuwa zimejaa wakimbizi wa ukoo, chungu kimoja kikilisha watu wa vyungu vitatu. Siku mbili walimkaribisha vizuri. Baada ya hapo maneno madogo yakaanza, nani kamaliza chumvi, mtoto wa nani anakohoa usiku. Wahenga walisema mgeni mpe jembe siku ya tatu, na dada yangu alilichukua lile jembe hata kabla ya kupewa, akalima mashamba ya wengine. Jioni moja alichukua mkeka wake, akafungua mlango wa Datsun, akaingia na mtoto.

Nilimfuata. Nilimwomba atoke, baridi ya huku si ya mchezo na kioo cha upande mmoja hakikuwapo.

"Acha, kaka," aliniambia. "Hii njo mahari yangu. Nitalala mu mahari yangu, sitasumbua muntu."

Alisema kwa upole, akanitengenezea nafasi nikae karibu naye kama tulivyokaa siku ya kwanza Kambale alipotuzungusha kijijini. Nilikaa.

Alikaa humo majira mazima ya mvua. Tulibandika turubai palipokuwa kioo. Mama alipeleka mablanketi, yakaloa. Majirani wakaanza kupita njia ya upande wetu hata kama hawakuwa na safari, na baba, mzee aliyewahi kuamua kesi za watu, akawa haketi tena uani kwake mchana. Hakuiosha tena Datsun. Kikohozi cha Consolata kikawa kirefu. Tulimpeleka kituo cha afya akapewa dawa, akarudi, akaingia ndani ya gari. Mama alimwekea kitanda karibu na moto, akakilalia siku chache, kisha mtoto wa wengine alipokosa pa kulala akakitoa.

Hatimaye baba alifanya alilopaswa kufanya siku ya utepe. Akamwita mtu wa Masisi mjini aliyekuwa na mashini ya kusaga mihogo na mahindi isiyo na mota. Wakaitoa injini ya Datsun, nami nilishika spana na kufungua nati nilizozifahamu kwa majina. Ilikuwa bado nzima, naapa. Baba akaenda kuibadilisha kwa mtu huyo, akarudi kwa miguu, anaswaga ndama jike mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji. Alimpitisha mbele ya nyumba zote bila kusalimu mtu, akamfikisha kwenye mlango wa gari.

"Consolata," alisema, "ngombe yako iko hapa."

Dada yangu alitoa mkono dirishani, ndama akaulamba. Akasema, "Aksanti, Papa." Baba aliketi chini kwenye tope, palepale, akajifunika uso kwa kofia.

Consolata alikufa kabla ndama hajapata hata pembe. Hakuonja maziwa yake. Aliyeyanywa ni Josefina, mama yako, kwa miaka yote aliyolelewa hapa kwetu, na hakuna mke wa mtu aliyewahi kumwambia maziwa yamekwisha, kwa sababu ng'ombe alikuwa wa mama yake na kila mtu alijua. Baba hakuishi sana baada ya kumzika binti yake. Bodi ya Datsun watu waliikata kata wakaezekea mabanda ya sungura. Mwaka fulani kijana mmoja alinisomea kwenye simu kwamba hata huko Ujapani jina lile walikwisha kulitupa zamani, wakaja wakalifufua kwa ajili ya wanunuzi maskini wa nchi nyingine, kisha wakaliua tena. Nilihuzunika, sijui kwa nini. Labda kwa sababu kwangu mimi jina lile lina kaburi.

Sasa nikujibu. Sikukatazi gari la Goma. Siwezi kukwambia ng'ombe ni bora kuliko gari, nimewaona ng'ombe wote wa baba yangu wakiondoka asubuhi moja. Kila mali ina mwizi wake. Ninachokukataza ni kupokea kwa ajili ya binti kitu kisichogawanyika, ukakikumbatia chote, ukamwachia yeye ahadi. Ahadi ni deni, na deni la binti halina wa kulidai, maana yeye atakuonea aibu na mume wake atakuona mkwe. Likifika gari hilo, usiliwashe. Nenda kwanza ukatafute cha Neema: mbuzi jike, kipande cha shamba chenye shahidi, cherehani, chochote kinachoweza kuitwa kwa jina lake hata wewe ukiwa umekufa. Mpe mbele ya watu, siku hiyohiyo, ungali unacho. Usiseme gari litulie. Hakuna siku mali imewahi kutulia katika nchi hii.

Basi nenda, mwanangu. Mungu wa koko zetu aibariki nyumba yako na ya mkweo. Awape Neema na mume wake watoto wanaoishi, na barabara isiyokatika. Akulinde wewe uzeeke ukiketi uani kwako mchana, bila kuwaepuka majirani. Na binti yako akirudi nyumbani, kwa furaha au kwa msiba, asiwe na haja ya kukuuliza chake kiko wapi.