Mstari wa Nyumba ya Fundi

Kila mwaka, mawingu ya mvua yakianza kujikusanya, mtaa mzima hutoka kuzibua mtaro, na kazi hiyo hufanywa kwa kuimba. Wimbo huanzia juu, kwenye mashine ya kusaga unga, hushuka mlango kwa mlango. Kila nyumba ina mstari wake, na anayeuimba akaitikiwa na wengine ndiye mwenye nyumba machoni pa mtaa hadi mvua nyingine.

Mstari wa nyumba ya fundi cherehani aliuimba mumewe, aliyekuwa fundi viatu, kwa miaka kumi na tisa: "Hapa anakaa mshona viatu, vyake mwenyewe vimetoboka." Watu walicheka kila mwaka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Sasa mume yuko kaburini, na asubuhi ya kuzibua mtaro shemeji alifika na shati la pasi na viatu vipya.

"Shemeji, wewe pumzika," alisema. "Mstari wa kaka nitauimba mimi. Hayo mengine tutayaongea baadaye."

Hayo mengine fundi aliyajua vizuri sana. Mwezi uliopita alimfuma shemeji huyo huyo akipima vyumba kwa hatua, midomo ikimcheza kwa hesabu. Nusu ya matofali ya nyumba ile ilitoka kwenye sare za shule alizoshona yeye mpaka vidole vikaota sugu. Alijifunga kanga kibwebwe, akachukua ufagio, akashuka mtaroni.

Wimbo ulipofika mlangoni, shemeji alisafisha koo pale kizingitini, akauimba mstari vizuri tu, maana sauti anayo. Hakuna aliyeitikia. Alihama hapa akiwa kijana, akasahau jambo ambalo hata watoto wanalijua: aliyesimama pakavu haitikiwi.

"Shuka basi, baba," msaga unga alimwambia kwa upole.

Shemeji alitazama tope, akatazama viatu vyake. Fundi hakuhitaji nafasi zaidi ya hiyo. Aliimba kwa sauti yake ya kukwaruza, ambayo marehemu alikuwa akimtania kuwa inafukuza kuku:

"Hapa nakaa mimi na cherehani yangu, anayetaka kupima aje apimie humu mtaroni."

Mtaa mzima ukaitikia, mara tatu, na desturi ni mara moja. Kisha wimbo ukashuka nyumba ya pili, naye akaufuata na ufagio wake, bila kugeuka kuangalia kama shemeji bado amesimama mlangoni pake.