Punje Katika Ngumi

Juzi binti yangu aliniita kwenye kompyuta yake. Anacheza mchezo mmoja wa mashujaa na mapanga ambamo wafu hufufuka, wengine wakakupiga, wengine wakakupigania. Mfu mmoja, mifupa mitupu, alikuwa amesimama mlangoni mwa pango, ametulia, hasemi kitu. "Mama, hebu nisaidie. Huyu ni wetu ama ni wa maadui?" Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Swali hilo, mwenzangu, nililiuliza mimi mara nyingi nikiwa na miaka kumi, kwenye mchanga wa mto mkavu kule kwetu Kasikeu.

Sisi hatukuwa na kompyuta. Hata stima tulikuwa tukiisikia tu. Tulikuwa na mto, ambao kwa miezi mingi ya mwaka ulikuwa mchanga mtupu, na vishimo tulivyochimba kwa mikono ili maji yajikusanye humo polepole. Ukitumwa maji baada ya shule ungengoja wee, mtungi haujai. Katika kungoja huko ndipo msichana wa jirani, rika langu, alipouzua mchezo wa wafu.

Alikuwa mtulivu, mwenye kichwa cha kupanga mambo. Kanuni zote aliziandika kwenye daftari kuukuu la shule lenye jina lake juu. Mmoja wetu alikuwa mzima, wengine wote wafu. Mzima alipaswa kuvuka mto na kibuyu cha maji kichwani hadi ukingo wa pili. Kila mfu alichota punje moja kutoka kwenye kopo bila wenzake kuona, akaificha katika ngumi. Punje ya hindi, wewe ni mfu rafiki. Punje ya mbaazi, wewe ni adui. Punje zenyewe tulimwibia nyanya yangu kwenye ungo alipokuwa akichambua nafaka ya muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyokobolewa na mbaazi, na bado nasikia harufu ya yale mahindi yaliyotoka kukobolewa kinuni, unyevu na pumba kidogo.

Mzima akikutana na mfu, alimpa kipande cha kiazi kitamu. Mfu akila, humfuata nyuma. Sasa ubaya ulikuwa hapa: rafiki alikufuata ili akupiganie, na adui alikufuata ili akunyonge mkikaribia ukingo, na wote wawili walitembea kwa adabu ile ile. Ungesikia nyayo zao mchangani nyuma yako, shwa, shwa, shwa, na hukuruhusiwa kugeuka. Ukimshuku, ungesema "fungua," naye angefungua ngumi, na adui aliyefichuka alitoka mchezoni. Lakini ukimfungulisha rafiki, umempoteza. Ilimbidi aende akalale makaburini, yaani nyuma ya jabali lililokuwa ukingoni.

Mimi nilifungulisha kila mtu. Nimezaliwa hivyo, hata mkate dukani huupima kwa mkono kabla ya kulipa. Wafu rafiki niliowapeleka nyuma ya jabali hawahesabiki, na msichana wa jirani alikuwa akinitazama kwa huruma tu. "Wewe utafika ng'ambo peke yako siku zote," aliniambia.

Nyanya aliujua mchezo wetu. Alikuwa mtu wa kanisa sana, ameokoka, na nilitarajia atuchape. Hakutuchapa. Alisema tu, "Chezeni, lakini hao wafu wenu msiwape majina." Kwetu mtoto mchanga hakuhesabiwa mtu kamili hadi siku ya kupewa jina, na jina lenyewe mara nyingi ni la babu au nyanya aliyetangulia. Nyanya aliyaacha mengi ya zamani alipookoka, ila hilo hakuliacha. Mimi nililichukua kuwa maneno ya wazee.

Tena wafu wasio na majina hawakuwa watamu. Siku moja msichana wa jirani alitumwa posho mill kusaga unga, akaniachia daftari. Nikaona nitengeneze adui mkubwa, wa kuwashinda wote. Nilikumbuka mama mkwe wa jirani, marehemu, aliyesifika kwa ukali, mwanamke ambaye hata mbuzi walikuwa wakimpisha njia. Nikaandika jina lake kwa herufi kubwa. Chini yake nikaandika: Adui. Hana miguu. Asiaminiwe hata akilia. Lazima afe tena. Jioni nikamrudishia mwenyewe daftari lake.

Nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa Ukambani analijua. Jina hilo halikuwa la marehemu peke yake. Miezi sita nyuma jirani alikuwa amejifungua kitinda mimba, na kitoto hicho kilikuwa kimepewa jina la nyanya yake.

Wiki ile ile kitoto kiliugua. Kiliharisha, macho yakaingia ndani, na kilio chake kikawa chembamba. Jirani akitafuta karatasi ya kuwashia moto, akalipata daftari chini ya kitanda cha binti yake. Alikuja nalo uani kwetu mchana kweupe, mtoto mgongoni, binti yake akimfuata.

"Ni nani ameandika hii maneno?" aliuliza. "Ni nani anataka mtoto wangu akufe?"

Alimnyooshea nyanya daftari. Nyanya alilichukua daftari akalitazama, ingawa hakujua kusoma, kisha akanitazama mimi. Msichana wa jirani naye alinitazama. Mwandiko wangu aliujua, tulikalia dawati moja.

Na mimi, unajua nilikuwa nikiwaza nini? Niliwaza kwamba ni yeye amelipeleka daftari kwa mama yake. Nilikuwa nimemfungulisha siku iliyotangulia akiwa na hindi, akakasirika, nikajua hakika analipiza. Nilingoja anitaje. Nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kukana.

"Daftari ni yako," mama yake alimwambia. "Jina lako liko hapa juu. Si ni wewe?"

Alilitazama jina lake juu ya daftari. Kisha akasema, "Ni mimi, mama."

Alichapwa pale pale. Nilisimama kando ya kinu nikayahesabu mawe ya jiko. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa mwoga, na nilipoona hanitaji, sikushukuru. Nilishuku zaidi. Nilijiuliza anangoja nini, atanitaja lini, atataka nini kwangu. Siku tatu nilimkwepa, nikachota maji asubuhi na mapema nisikutane naye.

Kitoto kilipelekwa zahanati, kikapewa dawa na maji ya chumvi na sukari, kikapona. Lakini jirani hakuweza tena kulala nyumba moja na binti yake huyo. Ukiwa na mtoto mgonjwa mikononi na umesoma maneno yale, ungefanya nini? Iliamuliwa aende Zombe, kwa shangazi yake, akasomee huko.

Asubuhi ya kuondoka alipita kwetu, nguo zake zimefungwa kwenye leso. Mama yake alikuwa ametangulia barabarani. Nilikuwa nikifagia. Alinijia hadi karibu, akanyoosha mkono mbele yangu, ngumi imefungwa, kama katika mchezo. Alingoja niseme "fungua."

Sikusema. Nilijua ni mbaazi. Mimi niliyefungulisha kila mtu, siku hiyo moja niliogopa kuona. Nilitupa ufagio nikakimbilia nyuma ya ghala, na nilipochungulia alikuwa ameshafika barabarani, ngumi yake bado imefungwa.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Mto wetu haupo. Malori yamechota mchanga hadi mwamba umejitokeza, na mahali tulipovukia pana shimo ambamo unaweza kuficha nyumba. Jabali la makaburi yetu limepasuliwa kokoto. Nyanya alishatuacha. Kile kitoto sasa ni mama wa watu, anauza nyanya na vitunguu sokoni. Alinishika mikono yote miwili kwa furaha. "Dada yangu wa Zombe hukuulizia kila akipiga simu," alisema. "Anauliza kama bado unavuka peke yako. Sijui mambo gani hayo yenu." Akanipa nambari yake. Iko kwenye mkoba wangu mpaka leo, kwenye kikaratasi alichofungia vitunguu.

Binti yangu alinivuta mkono. Mfu alikuwa bado amesimama mlangoni mwa pango.

"Mama! Ni wetu ama si wetu?"

"Ni wetu," nilimwambia. "Usimfungulishe. Tembea tu, atakufuata."

"Wewe umejuaje?"

Nikamwambia ni kwa sababu nimewahi kukosea, nikaenda kuutafuta mkoba.