Bia ya Moshi Ukweni Kasulu

Nilikwenda Kasulu kumposea mpwa wangu mke, na kilichonitesa njia nzima hakikuwa maneno ya posa bali kasha la bia nyeusi. Ninyi mliobaki Marangu mmeniuliza habari hizi kila Jumapili nje ya kanisa, na kila mara kengele imenikatiza. Leo hakuna kengele. Kaeni.

Mpwa wangu Elia mnamjua. Ni yule mrefu, mtoto wa dada yangu Ndeshi, aliyesomeshwa uhasibu akaishia kupika bia katika jiko dogo nyuma ya hoteli moja ya watalii, Moshi mjini. Mwaka ule wa 2013 alikuwa amebuni bia yake mwenyewe. Alichukua kimea cha shayiri, akakitandaza kwenye chekecheke juu ya moto wa kuni za mibuni iliyopogolewa, akakifukiza mpaka kikanuka jiko la bibi. Bia iliyotoka ilikuwa nyeusi kama kahawa, yenye povu la rangi ya udongo. Watalii waliipenda. Mimi aliponionjesha nilisikia kahawa, nikasikia sukari guru iliyoungua kidogo, halafu nikasikia koti langu la zamani lililoning'inia jikoni tangu nioe. Nilimwambia hivyo hivyo, akacheka, akaniongezea glasi.

Mchumba wake, Imelda, ni muuguzi. Alisomea huku kwetu, ndiko walikojuana, kisha serikali ikampeleka hospitali ya Kibondo, karibu na kwao Kasulu. Baba yake alituma neno kwamba yuko tayari kupokea wageni. Kwa Waha, watu wa huko, mgeni wa namna yetu hafiki bila pombe. Nikashauri tununue kreti za bia ya kawaida njiani, kama watu wote. Elia akakataa.

"Mjomba, naenda kuomba mke. Nitaombaje kwa bia aliyopika mtu mwingine?"

Ndiyo maana nikawa mshenga mwenye kasha miguuni.

Moshi hadi Kahama hakuna la kusimulia. Lami ilikuwa nzuri, tulifika jioni, tukala wali, tukalala. Elia alilala na lile kasha kando ya mto kama mama aliyejifungua.

Nyakanazi lami iliisha. Kuanzia hapo ni udongo mwekundu, na basi likaanza kuruka kama mbuzi. Elia alikuwa ameyafunga machupa kwa kanga ya mama yake na majani makavu ya mgomba, lakini bia yake haichujwi sana, bado ina uhai ndani, na uhai ule haukupenda barabara ya Kakonko. Tulisikia mlio mmoja mzito, kisha mwingine. Harufu ikajaa basi zima.

Mama mmoja nyuma yetu akapiga kelele, "Gari inaungua!"

Dereva alifunga breki katikati ya barabara. Watu wakatoka, wengine kwa mlango, wengine kwa dirisha, padri mmoja mnene akakwama dirishani na kusukumwa kutoka pande zote mbili. Kondakta akaingia chini ya basi kutafuta waya ulioshika moto. Akatoka amejaa vumbi, akanusa, akafuata pua yake mpaka kwenye kiti chetu, akafunua kanga iliyolowa.

"Mzee, hii ni nini?"

"Bia," nikasema.

"Bia inanuka moto?"

"Ndivyo ilivyopikwa."

Akatutazama mimi na Elia kwa huruma ya kweli. "Pole sana, mzee. Mmeuziwa mbovu."

Abiria walicheka mpaka Kakonko. Basi lenyewe halikucheka, maana ile breki ya ghafla ilikuwa imevunja kitu chini, na hapo Kakonko tulikaa kandokando ya barabara tukisubiri fundi hadi jua likazama. Tuliingia Kibondo tukiwa tumechelewa siku nzima, na chupa nne nzima mkononi.

Kibondo, asubuhi, Imelda alitupokea nyumbani kwake karibu na hospitali. Ni binti mfupi, mwenye sauti ya chini, na macho yanayokusikiliza. Alitupa chai na viazi vitamu, akauliza habari za Marangu nyumba kwa nyumba. Halafu akaliona kasha, na kikombe kikasimama hewani.

"Elia. Umempelekea baba ile ya moshi?"

"Ndiyo yangu nzuri kuliko zote."

Imelda akanigeukia mimi, maana na yeye aliniita mjomba tayari. "Mjomba, kwetu ndizi za pombe zinaivishwa kwenye uchaga juu ya jiko, au shimoni kwa moto. Moto ukizidi, pombe inashika moshi. Ikishika moshi, watu wanasema ile nyumba ina wazembe. Baba anapika tangu kijana. Akisikia moshi kwenye pombe, haulizi kuhusu pombe. Anauliza kuhusu wenye nyumba."

Nilimtazama mpwa wangu. Nilifurahi kidogo, nikidhani sasa tutanunua kreti. Kijana akaifunga upya kanga, taratibu, bila kuinua uso.

"Nitamweleza," akasema.

Imelda hakubishana naye. Akaondoka na gari la asubuhi ili atangulie nyumbani, akituachia neno moja la Kiha la kumsalimia baba yake: mwakeye. Elia alilirudia njia nzima kama mtoto wa kipaimara.

Kasulu tulifika mchana. Mji una baridi ya kupendeza, vilima vya kijani pande zote, na sokoni unasikia Kiha, Kirundi, na Kiswahili cha wakimbizi wa kambini chenye Kifaransa ndani. Tulichukua bodaboda mbili kupanda kijijini, upande wa Heru Juu. Migomba ile ilinifanya nijisikie nyumbani, mpaka nilipokumbuka nimekuja kufanya nini.

Mzee Balthazari, baba yake Imelda, alikuwa amesimama uani na wadogo zake wawili. Ni mtu mkavu, mrefu, aliyevaa koti la suti juu ya sweta. Elia akainama kwa heshima, akatoa neno lake.

"Mwakeye!"

Wazee wakatazama jua. Lilikuwa limeshapita utosini zamani, na hilo ni neno la asubuhi. Mmoja wa wadogo zake akaitikia kwa upole, "Ego, mwanangu. Na wewe umeamkaje?" na wanawake jikoni wakaangua kicheko. Ndivyo tulivyoingia.

Sebuleni tulikaa kwa mpangilio: sisi upande wa mlango, wao upande wa ndani. Nilisimama, nikajitambulisha kuwa ni mwalimu, nikasema maneno ya posa niliyokuwa nimeyapika wiki mbili, yakapokelewa vizuri. Kisha Elia akatoa chupa, akafungua, akamimina mwenyewe. Mzee Balthazari akaomba glasi ioshwe tena. Akaielekeza mlangoni kwenye mwanga, akaitazama rangi. Akanusa. Akabaki ananusa kwa muda ambao mimi ningeweza kusali sala ya Bwana na kuirudia. Akanywa funda dogo, akalizungusha mdomoni, akameza, akanywa tena. Akampa mdogo wake, naye akampa mwenzake.

"Nani alilala moto ukiwaka?" mzee akauliza hatimaye.

"Hakuna aliyelala, baba," Elia akasema. "Nimeufukiza moshi mwenyewe. Kwa makusudi."

"Kwa makusudi," mzee akarudia.

"Kwa makusudi!" mdogo wake akasema, akamtafsiria yule mwingine kwa Kiha, ingawa wote walikuwa wamesikia.

Nikaona nimsaidie kijana. Nikasimama nikaeleza kwamba bia hii inasifiwa sana, kwamba kuna Wajerumani waliokuja kupanda mlima wakaacha kupanda siku ya kwanza kwa sababu yake.

Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, hao Wajerumani ndio wanaooa hapa?"

Nikakaa.

Ndipo akaagiza kibuyu. Kililetwa kimejaa rwagwa, pombe yake ya ndizi, mirija imesimama mdomoni. Akamwambia Elia, "Hii nimeipika mimi. Onja, useme. Nasikia una ulimi."

Sasa ninyi mnaomjua Elia mnajua ugonjwa wake. Ukimpa chakula hata msibani atakuambia chumvi imepungua. Nilimkanyaga mguu. Akavuta mrija, akafumba macho, akakaa hivyo. Akavuta tena.

"Baba, ni nzuri. Ndizi zimeiva sawasawa, na utamu wake unakuja mwishoni kabisa, baada ya kumeza. Mimi siwezi kupata utamu huo." Nikaanza kushusha pumzi. "Lakini imepita siku yake. Jana ilikuwa nzuri zaidi."

Mdogo mmoja wa mzee akautoa mrija mdomoni, akautazama. Mzee Balthazari hakumtazama mtu; alitazama kibuyu. Nilihesabu moyoni gari la kurudi Kibondo linaondoka saa ngapi. Nilimwona dada yangu Ndeshi amekaa Marangu akingoja mkwe, na mimi nikimpelekea habari za chupa.

"Imelda," mzee akaita. Binti akaja, akapiga magoti karibu na mlango wa ndani.

"Mtu wako ameniletea bia iliyoungua. Na yangu anasema imechacha. Wewe yake umeionja?"

"Nimeionja, baba."

"Ikoje?"

Nikamtazama binti kwa macho yote niliyokuwa nayo. Neno moja zuri kutoka kwake lingetuokoa.

"Mbaya," akasema Imelda.

Elia hakushtuka. Hilo ndilo lililonishangaza: alikuwa anatabasamu, akitazama chini.

"Unamwambia hivyo?" mzee akauliza. "Yeye mwenyewe?"

"Tangu siku ya kwanza. Akipika nyingine ananiletea. Namwambia mbaya."

"Anakasirika?"

"Hapana, baba. Anauliza mbaya wapi."

Mzee akaichukua tena glasi ya bia nyeusi, akanywa, akakunja uso kama mtu anayemeza kwinini. Kisha akaanza kusema, si kwangu, wala kwa Elia, bali kwa ndugu zake.

"Mimi nilipooa, mke wangu aliniambia mara moja kwamba rwagwa yangu imechacha. Mara moja tu. Nilisusa chakula siku mbili."

"Nne!" sauti ya mama ikatoka jikoni.

Nyumba nzima ikalipuka. Wadogo zake walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mzee mwenyewe alijizuia, akashindwa, akacheka na meno yaliyobaki yote. "Nne," akakubali. "Na hakuniambia tena. Miaka yote hii nakunywa sijui kama ni nzuri, kwa sababu hakuna anayeniambia." Akafuta macho kwa mkono wa koti. "Na ni kweli, jana ilikuwa nzuri. Niliipika iwe ya jana. Ninyi mlichelewa."

Mama mkwe akatoka jikoni, mwanamke mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani. Akaivuta mirija mmoja baada ya mwingine mpaka akapata unaomfaa, akaonja, akamwambia mumewe mbele yetu sote, "Imechacha." Akarudi jikoni akiimba.

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida ya watu wanaokubaliana. Tulikula ugali na dagaa wa Kigoma, tukapangiwa mambo ya mahari na siku ya kurudi na wazee wa ukoo. Mzee alimchukua Elia akamwonyesha uchaga wake wa ndizi, wakakaa huko nyuma muda mrefu, nikawasikia wakibishana kuhusu maji. Tulipoaga, akanishika mkono pembeni.

"Mwalimu, zile chupa zilizobaki niachie."

"Umeanza kuipenda?"

"Hapana. Nina jirani anayejifanya anajua pombe. Nataka na yeye ateseke."

Kurudi, Imelda alisafiri nasi mpaka Kibondo, kwa kuwa likizo yake ilikuwa imeisha. Pale stendi, Elia alipokwenda kutafuta maji ya kunywa, nilimwuliza kama hakuogopa kusema lile neno.

"Niliogopa, mjomba. Ulinitazama kama unataka kunimeza."

"Sasa kwa nini hukusema ni nzuri? Mara moja tu, kwa ajili ya posa."

Akafikiri. "Baba angejua naongopa, angesema huyu kijana amenifundisha uongo. Na Elia angejua. Siku nyingine nikimwambia kitu chake ni kizuri, asingeniamini. Na siku hiyo itakuja. Ile aliyopika Pasaka ilikaribia kuwa nzuri."

Basi likapiga honi. Nilipanda nikiwa nimebeba galoni la rwagwa mpya tuliyopewa, na njia nzima niliwaza kwamba nilikuwa mwalimu miaka thelathini, nimefungisha posa nyingi, na zote nimezifungisha kwa kusifu. Nilisifu wasichana, nikasifu wavulana, nikasifu hata nyumba ambazo paa zake zilivuja. Sikuwahi kuwauliza wachumba jambo moja tu: akikuambia mbaya, unafanya nini?

Marangu nilifika jioni. Mke wangu alinipokea mzigo, akaniandalia ndizi, na mimi nikamsimulia yote tangu mwanzo, kwa mbwembwe. Nilimsifu sana Imelda kwa ule ukweli wake. Nilimsifu Elia kwa moyo wake mpana. Nikasema, hivyo ndivyo watu wanavyotakiwa kuishi katika nyumba.

Mke wangu alisikiliza mpaka nikamaliza. Akaweka bakuli chini, akapangusa mikono, akavuta kigoda.

"Vizuri," akasema. "Basi nikuambie kuhusu hilo tarumbeta lako unalopiga kanisani."

Nilisusa siku tatu. Ya nne nilikwenda jikoni, nikamwuliza mbaya wapi.