Nilimpa Kyalo Nafasi ya Mfalme

Siku yangu ya kwanza kazini mkurugenzi wa kikundi cha maigizo hakunipa hata sentensi moja ya kusema. Alinipa ufagio. Tulikuwa katika ukumbi wa kanisa mjini Kitui, nami nimevaa rinda langu la Jumapili nikidhani nitakuwa malkia siku hiyo hiyo. "Fagia jukwaa," akasema, "ndio ujue ni kubwa aje. Halafu ukae nyuma kabisa uniambie kama unasikia." Nilifagia, nikakaa nyuma. Nilikaa huko miezi mingi, na huko ndiko nilikojifunza kazi.

Kwa nyinyi mnaoanza sasa, kazi yetu ilikuwa kuwaigizia wanafunzi wa sekondari vitabu vya fasihi ya Kiingereza wanavyosoma darasani. Tulizunguka na pikapu yenye turubai. Ukumbi ulikuwa bwalo la chakula, na jukwaa lilikuwa meza zilizofungwa pamoja kwa kamba. Kutoka kwenye ufagio nilipanda nikawa mnong'onezaji, yaani yule anayejificha pembeni na kitabu ili amkumbushe aliyesahau maneno. Baadaye nikatunza maleba, ambayo ni nguo za kuigizia. Mwishowe mkurugenzi alinituma Makindu nisimamie kundi la Makueni kama mwelekezi. Mwelekezi ndiye huamua nani awe nani.

Kabla sijaondoka Kitui aliniita ofisini. "Kitu kimoja tu," akasema. "Usimpe mtu kilio chake. Kama ana mke wa kumsumbua, usimpe mume wa kusumbuliwa. Ataacha kuigiza. Na watu wamekuja kuona mchezo." Niliandika maneno hayo katika daftari langu, nikapiga mstari chini yake.

Adui yetu mkubwa alikuwa kicheko. Wanafunzi wetu hucheka mtu akifa jukwaani. Si ubaya wao. Wamefungiwa shuleni wiki nyingi na wanatafuta pa kupumulia. Tulikuwa na mbinu zetu: maiti huanguka nyuma ya meza, au taa huzimwa haraka. Na tulipotaka wacheke, mbinu ilikuwa moja tu, na haikukosa hata siku moja. Katikati ya Kiingereza kile kizito mwigizaji angechomeka neno la Kikamba, na bwalo zima lingelipuka.

Kyalo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Makindu. Alikuja kututengenezea kiti cha enzi, akakikalia kukijaribu, akasoma kwa utani ukurasa aliookota sakafuni. Sauti ile ilinisimamisha nywele, na tangu siku hiyo akawa mwigizaji wetu. Nilimpenda Kyalo jinsi mwelekezi anavyompenda mwigizaji, na mwenye mawazo mengine ayaweke mfukoni. Miaka na miaka nilijiuliza ni nani, katika wakubwa wote wa tamthilia za yule Mwingereza wa kale, aliyeumbwa kwa ajili yake. Jemadari anayeliwa na wivu? Kyalo alikuwa mpole mno. Mwana wa mfalme asiyeweza kukata shauri? Kwa kitambi kile, hapana. Kisha kulikuwa na mfalme mzee anayewagawia mabinti zake nchi, na mwishoni anaingia amembeba mdogo wao mikononi, amekufa. Nafasi hiyo nilimwekea Kyalo kama mtu anavyoweka kitenge kizuri sandukuni.

Kisha Mwende, binti yake, akagongwa na lori barabarani karibu na Kambu. Alikuwa kidato cha pili. Nilikwenda mazishini na kikundi chote. Miezi kadhaa baadaye, tukirudi kwa pikapu kutoka Mutomo, Kyalo aliniambia bila kunitazama kwamba alimbeba mwenyewe kutoka barabarani hadi zahanati. Alijua ameshakufa. Lakini hakutaka kumlaza chini, kwenye vumbi. Alisema hayo mara moja tu.

Mwaka uliofuata shule ziliomba tamthilia ya huyo mfalme. Mkurugenzi alinipigia simu akasema, "Wewe ndio unajua watu wako. Gawa." Sitamsingizia. Nafasi ile niliigawa mimi, na nilimpa Kyalo kwa sababu ya yale aliyoniambia kwenye pikapu. Nilijiambia hakuna mwanafunzi atakayemcheka mtu huyu.

Alinifuata nikikunja maleba.

"Madam, mimi nipe ile ya kuchekesha mfalme. Hiyo naweza."

"Hiyo nimempa Musyoka."

Sikuwa nimempa mtu yeyote. Kyalo alitazama mikono yake kidogo.

"Basi sawa, Madam," akasema.

Onyesho la kwanza tulilifanya Makindu. Alipoingia amembeba yule msichana mwigizaji, wapishi walitoka jikoni na miko yao wakasimama mlangoni. Wanafunzi mia kadhaa, na hakuna aliyekohoa. Pembeni pale nililia kwa furaha, na naona haya kuliandika jambo hilo. Maonyesho mawili yaliyofuata yalikuwa hivyo hivyo.

La nne lilikuwa katika shule moja ng'ambo ya mji wa Salama. Jikoni walikuwa wakichemsha maharagwe kwa kuni mbichi, na moshi ulikuwa umejaa bwalo. Kyalo aliingia na msichana mikononi, na yule msichana, maskini, akakohoa. Bwalo likalipuka. Kyalo alisimama. Alimtazama usoni kama aliyeona jambo asiloliamini, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata mimi sikuwa nimewahi kuisikia, "Mwende. Mwende, amũka."

Amka. Kwa Kikamba.

Wakacheka maradufu. Wangejuaje? Kikamba kikiingia pale, kila mtu hujua ni kichekesho. Walipiga meza, walikanyaga sakafu, walimu nao wakajifuta machozi. Naye akarudia jina lile. Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake na kitabu mkononi. Ningeweza kuzima taa. Badala yake nilimnong'onezea mstari unaofuata. Hakusikia. Nikaunong'ona tena, kwa ukali. Akageuka akanitazama, akausema kwa Kiingereza safi, akamaliza mchezo bila kukosea neno.

Nyuma ya pazia bado alikuwa amembeba. "Uncle, niweke chini," msichana akamwambia. Alimweka chini taratibu, akamnyooshea rinda. Tulipofika Makindu alishuka, akanipa maleba yake yakiwa yamekunjwa vizuri, na hakurudi tena kikundini. Mkurugenzi alinipongeza kwa msimu mzuri. Mfalme yule niliwapa wengine miaka iliyofuata, wanafunzi wakawacheka wote, na hakuna aliyeumia.

Sasa nimestaafu. Nina kuku na magoti mabovu. Waelekezi vijana hunipigia simu kuniuliza jinsi ya kumjua mwenye nafasi fulani. Mimi huwaambia wasikilize sauti, waangalie anavyotembea, wamwulize mwenyewe anataka nini. Hilo la mwisho hulisema upesi, kisha nabadilisha mazungumzo.

Mwaka huu nilikwenda Makindu kumwona. Kitambi kimekwisha, amekuwa mzee. Alizima mashine ya kuchomelea, akanifutia kiti, akaagiza chai. Tuliongea habari za mvua na watu waliokufa. Kisha akasema mwenyewe, kabla sijapata ujasiri.

"Madam, watu walisema nilikukasirikia. Hapana. Ile maneno ya Mwende nilikuambia siku moja tu, kwa gari, na ulikuwa umechoka sana. Nilijua umesahau. Ungekumbuka, hungenipatia hiyo kazi."

Alikuwa ameshika birika, ananitazama, anangoja. Nilikuwa nimesafiri kutoka Kitui ili nimwambie ukweli.

"Nilisahau, Kyalo," nikasema.

"Si ndio nilisema!" Uso wake ukafunguka, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akanimiminia chai nyingine, nami nikainywa yote.